Mcheza Kwao Hutunzwa

(Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa zamani, ambaye ni mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa Umoja wetu.)



Katibu wa Umoja wetu aliponiandikia kunitaka niseme maneno machache, aliniachia nichague mada mwenyewe, akaongeza shauri moja tu: nisizungumzie kazi za ofisini, maana mwaka jana wanafunzi walilala. Nimelitii shauri lake. Leo nitazungumza juu ya ngumi. Ofisini nitapita mwishoni kwa dakika mbili, na anayetaka kulala aisubiri saa hiyo.

Wenzangu tuliokuwa hapa kati ya mwaka 1994 na 1999 wanaukumbuka ulingo wetu wa kamba za katani nyuma ya bwalo. Mimi sikuwa bondia. Nilipanda ulingoni mara moja, nikashuka na damu puani, nikaona heri niwe mwandishi wa pointi. Kazi hiyo niliifanya miaka miwili, na ndiyo iliyonipa haja ya kusimama mbele yenu leo.

Jumapili moja asubuhi, tarehe 14 Machi 1999, tukiwa Kidato cha Sita, tulikusanyika kwenye redio ya mwalimu wa zamu kusikia nani ameshinda New York usiku uliotangulia. Lennox Lewis wa Uingereza, aliyeshika mkanda wa WBC wa uzito wa juu, alikuwa amepambana na Mmarekani Evander Holyfield, aliyeshika mikanda ya WBA na IBF. Pambano lilifanyika Madison Square Garden, ili dunia ibaki na bingwa mmoja. Tuliambiwa: sare. Wengi wetu tulidhani mtangazaji amekosea.

Hakukosea. Waliohesabu makonde siku ile walisema Lewis alifikisha 348 na Holyfield 130. Jaji wa Afrika Kusini, Stanley Christodoulou, alimpa Lewis ushindi wa 116 kwa 113. Jaji wa Marekani alimpa Holyfield 115 kwa 113. Jaji wa tatu alikuwa Mwingereza, na yeye akaandika 115 kwa 115. Hilo la mwisho naomba mlikumbuke, maana huyo alikuwa wa nyumbani kwao Lewis. Katika raundi ya tano Lewis alimbana mwenzake kwenye kamba na kumtwanga karibu atakavyo, lakini jaji wa Marekani akaiandika raundi hiyo kuwa ya Holyfield.

Kelele zilikuwa nyingi, na uchunguzi ukafunguliwa New York. Haki yapasa isemwe pande zote: hakuna mahakama iliyomtia hatiani jaji yeyote kwa pambano lile. Lakini jaji yule wa Marekani alikuwa amependekezwa na IBF, na Novemba ya mwaka huohuo rais wa IBF, Bob Lee, alishtakiwa kwamba alipokea fedha kutoka kwa mapromota ili kupanga nafasi za mabondia katika orodha ya ubora. Mashtaka mengi yalimwepuka. Hata hivyo alikutwa na hatia ya kutakatisha fedha na kukwepa kodi, na mwaka 2001 akahukumiwa kifungo cha miezi 22. Lewis na Holyfield walirudiana Las Vegas tarehe 13 Novemba 1999, na safari hiyo majaji wote watatu walimpa Lewis. Haki ilipatikana, lakini kwa miezi minane ya kungoja na raundi 12 nyingine za kupigwa kichwani. Na wenye kuuza tiketi waliuza mara mbili.

Ndugu zangu, kwa ajili ya wale wasiofuata mchezo huu, nieleze pointi zinavyoandikwa. Pambano la ubingwa wa dunia la wanaume ni raundi 12 za dakika tatu. Majaji watatu hukaa pande tatu za ulingo, kila mmoja peke yake. Anayeshinda raundi hupata 10, mwenziwe 9, na akiangushwa chini kwa kawaida hupata 8. Jaji hutazama mambo manne: makonde safi yaliyofika, kushambulia kwenye manufaa, kujilinda, na kuutawala ulingo.

Sasa tazameni hesabu yake. Mgeni akishinda raundi saba na mwenyeji tano, karatasi itasoma 115 kwa 113. Mpokonye mgeni raundi moja tu, karatasi itasoma 114 kwa 114, yaani sare. Mpokonye mbili, ameshindwa 113 kwa 115. Hapana haja ya kuiba pambano zima. Zatosha raundi mbili, tena zile ambazo zilikaribiana kiasi kwamba hakuna wa kukuuliza. Katika yale mambo manne, makonde ndiyo peke yake yanayohesabika. Mtu anayesonga mbele muda wote, je, anashambulia au anayafuata makonde ya mwenziwe? Anayerudi nyuma, je, anakimbia au anamtawala? Jibu hutoka katika jicho la jaji, na jicho la jaji lina kwao.

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Lakini msidhani anayeivuta ngozi lazima awe amehongwa. Mara nyingi hahongwi. Posho na nauli ya jaji hutokana na fedha za pambano, na fedha za pambano hukusanywa na promota. Chama kinachotoa mkanda hudai asilimia ya malipo ya mabondia, kwa hiyo bondia anayejaza viwanja ni shamba lake. Jaji anayapenda mapambano makubwa na angependa kuitwa tena. Hakuna aliyemwambia neno. Anajua tu nani yumo katika mipango ya mwakani, na nani ameletwa kutoka mbali ili jina la mwingine likue. Halafu watu maelfu wananguruma kila mwenyeji anaporusha mkono, hata ukiishia hewani, na wananyamaza kimya ngumi ya mgeni inapotua. Mgeni ni kuku mweupe, kila kosa lake huonekana.

Na ugeni wenyewe si wa pasi ya kusafiria tu. Tarehe 10 Septemba 1993 Pernell Whitaker, Mmarekani, alipigana San Antonio, katika nchi yake mwenyewe, kutetea mkanda wake wa WBC. Mpinzani wake alikuwa Julio César Chávez wa Mexico, aliyekuwa hajashindwa katika mapambano 87. Uwanja ulijaa mashabiki wa Chávez. Makao makuu ya WBC yalikuwa Mexico, na rais wake alikuwa Mmexico. Waandishi wengi waliokaa kando ya ulingo waliona Whitaker ameshinda waziwazi. Jaji Mmarekani naye alimpa 115 kwa 113. Majaji wawili waliotoka Ulaya, ambao mtu angewaita wasio na upande, waliandika 115 kwa 115, na pambano likawa sare. Usiku ule Whitaker alikuwa mgeni kwao.

Kwa hiyo msinielewe vibaya, nikaonekana nasema kwamba wazungu wanatuonea sisi tu. Sisi nasi tumewahi kula tunda la mti huo. Tarehe 28 Juni 1991 Azumah Nelson wa Ghana, fahari ya Afrika nzima, alipigana Las Vegas na Jeff Fenech wa Australia. Ikatangazwa sare, Nelson akabaki na mkanda wake, na barani kwetu tukashangilia. Wengi walioliona pambano lile, wakiwamo wasio na ugomvi wowote na Nelson, walisema Fenech alishinda. Mwaka 2022, baada ya miaka 31, WBC yenyewe ilirudi ikalitazama upya na kumtangaza Fenech mshindi. Nelson ana heshima yake ambayo hakuna atakayemvua. Tarehe 1 Machi 1992 alimfuata Fenech hukohuko Melbourne, mbele ya watu wa Fenech, akamsimamisha katika raundi ya nane. Lakini deni la 1991 lilikuwa deni, hata kama mdai hakuwa wa kwetu.

Na tena, si kila kushindwa ni kuibiwa. Mtanzania mwenzetu Rogers Mtagwa, mzaliwa wa Dodoma aliyehamia Philadelphia, alipambana mwezi Oktoba 2009 New York na Juan Manuel López wa Puerto Rico, ambaye hakuwa ameshindwa na ambaye mapromota walikuwa wamemwekea mipango mikubwa. Raundi ya 12 López alikuwa akiyumba kama mlevi, ameshika kamba na kumkumbatia Mtagwa, akingoja kengele imwokoe. Kengele ilimwokoa. Majaji wote walimpa López, na mimi niliyelitazama pambano lile mara tatu sisemi waliiba. Nasema hivi: mtu akizoea kulia kila anaposhindwa, siku atakapoibiwa kweli hakuna atakayemsikiliza.

Ndiyo maana wazee wa ngumi wana shauri moja kwa kila bondia anayekwenda ng'ambo: usiwaachie majaji, mlaze. Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham mwezi Septemba 2018, akamsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili mbele ya Waingereza, na majaji hawakupata hata nafasi ya kuchosha kalamu. Tulifurahi sana. Mkenya Robert Wangila alifanya vivyo hivyo mwaka 1988 kule Seoul. Alimwangusha Mfaransa katika raundi ya pili ya fainali, akachukua dhahabu.

Ni shauri zuri kwa bondia, lakini ni aibu kwa mchezo. Maana yake ni kwamba mwenyeji hutakiwa kumzidi mwenziwe kidogo tu, na mgeni hutakiwa kumzimisha. Mgeni akiamini hivyo ataacha kujilinda, atajirusha katika raundi za mwisho akiutafuta ushindi wa konde moja, na huko ndiko watu wanakovunjika. Kalamu iliyopinda haiibi mkanda peke yake.

Katika Michezo hiyohiyo ya Seoul kulitokea jambo ambalo wapenzi wa ngumi hawajalisahau. Zilikuwa ngumi za ridhaa, si za kulipwa, lakini somo ni lilelile. Kijana Mmarekani Roy Jones alipigana fainali na mwenyeji, Park Si-hun wa Korea Kusini. Waliohesabu walisema Jones alifikisha makonde 86 na Park 32. Majaji watatu kati ya watano walimpa Park dhahabu. Watawala wa mchezo walipatwa na aibu hata wakampa Jones tuzo ya bondia bora wa Michezo yote, huku amevaa fedha shingoni. Baadaye wakaleta mashine za kuhesabu pointi. Miaka mingi ikapita, mashine zikaondolewa, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 ukaonyesha kwamba mapambano yalichezewa hata katika Michezo ya Rio ya mwaka 2016. Mashine haina ndugu. Kidole kinachoibonyeza kina ndugu.

Lakini ninayetaka mumtazame katika kisa hicho ni Park mwenyewe. Yeye hakuandika pointi. Alipigana kwa kadiri ya uwezo wake, akainuliwa mkono, na tangu siku ile akaishi na medali ambayo dunia nzima ilisema si yake. Mwaka 2023, baada ya miaka 35, alisafiri mpaka nyumbani kwa Jones katika jimbo la Florida, akamkabidhi medali ile ya dhahabu mkononi. Niliposoma habari hiyo nilikuwa ofisini, na nilifunga mlango.

Ndugu Mwenyekiti, nimefika mahali pagumu.

Mwaka 1996, nikiwa Kidato cha Tatu, kulikuwa na mashindano ya mabweni. Waandishi wa pointi tulikuwa watatu: mwalimu mmoja, kiranja mmoja, na mimi. Bweni letu lilimtoa nahodha wetu. Bweni la pili lilimtoa kijana aliyehamia muhula uleule kutoka mkoa wa mbali. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao, na sisi kwa ujinga wetu tulimwita Mgeni, hata jina lake wengi hawakulijua. Raundi zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya nahodha wetu, ya pili ya Mgeni. Ya tatu Mgeni aliicheza vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona katika ulingo ule. Alikuwa anapiga na kuondoka, anapiga na kuondoka, na nahodha wetu akawa anapiga upepo. Bweni letu lote lilikuwa nyuma yangu likiimba. Nikaandika 10 kwa nahodha wetu na 9 kwa Mgeni. Mwalimu alimpa Mgeni. Kiranja alimpa nahodha. Kwa hiyo karatasi iliyoamua ilikuwa yangu.

Hakuna aliyenihonga. Sikupewa hata andazi. Niliogopa tu kurudi bwenini usiku ule.

Kesho yake asubuhi Mgeni alinifuata penye bomba la maji. Nilidhani amekuja kugombana. Akanisalimu kwa adabu, akaniuliza: "Kaka, raundi ya tatu nilikosea wapi? Nataka nijirekebishe." Nilitafuta jibu, na kwa kuwa halikuwapo, nikatunga moja. Nikamwambia, "Mikono yako ilikuwa chini mno." Akanishukuru. Wiki mbili nzima nilimwona jioni, peke yake nyuma ya bwalo, akijizoeza kupandisha mikono ambayo haikuwa na kosa lolote. Akawa mzito, akapoteza ule wepesi wake. Mwisho wa mwaka alihama, na sijui alikokwenda.

Vijana, hilo ndilo nililokuja kuwaambia. Hukumu ya upendeleo haimwibii mtu ushindi wa siku moja tu. Inamfundisha uongo juu yake mwenyewe, na kama ni mtu mwema mwenye kupenda kujifunza, anauamini.

Sasa zile dakika mbili za ofisini. Katika kazi yangu nimekaa kwenye meza nyingi za usaili na za kupitia zabuni. Nawaambieni, karatasi zile ni zilezile za kando ya ulingo. Kuna safu ya maksi zinazohesabika, na kuna safu ya mambo ya jicho: mwonekano, uchangamfu, kufaa kwa kazi. Ukimwona mtu amepunguziwa pale kwenye jicho, tazama kama si Mgeni. Pengine anatoka mkoa wa mbali, pengine shule yake haijulikani, pengine hana anayemfahamu mezani.

Nimejifunza mambo matatu, nami nawaachia. La kwanza, anayepambana asimchague jaji wala asimlipe. Marekani ilitunga sheria mwaka 2000, ikaipa jina la Muhammad Ali, inayomtaka jaji wa ngumi aeleze fedha zake za pambano zinatoka wapi. Sheria hiyo haikumaliza maovu yote, lakini imelitaja jambo lenyewe kwa jina lake. La pili, andika maksi zako kabla hujasikia za wenzako na kabla hujageuka kutazama nyuma yako ni nani anaimba. La tatu, ujiulize kama ungeweza kumweleza aliyeshindwa, uso kwa uso penye bomba la maji, kwa nini ameshindwa. Kama jibu itakubidi ulitunge, karatasi yako ni ya uongo.

Viranja mliopo hapa, ninyi ni majaji tayari. Mnaandika majina ya wachelewaji, mnagawa zamu za kazi, mnachagua timu. Mcheza kwao hutunzwa, sawa, na atunzwe kwa makofi na nyimbo. Pointi ni kitu kingine.

Gazeti letu hili husafiri mbali kuliko sisi wenyewe. Iwapo siku moja litamfikia yule ndugu aliyehama mwaka 1996, ambaye jina lake nalijua sasa ila sitalitaja bila idhini yake, namwomba apokee maneno haya kama medali niliyokaa nayo bila haki. Raundi ya tatu ilikuwa yako. Mikono yako ilikuwa mahali pake.